Mwaija Hana Timu

Mwaija Sadala alikuwa akipalilia ufuta aliposikia spika ya Semboja ikipita barabarani. Semboja, mwenyekiti wa tawi la mashabiki, alikuwa amekaa nyuma ya bodaboda, spika kaifunga kwa kamba za mpira, anatangaza kama mtu aliyekabidhiwa wilaya nzima. Mkonge Stars, timu yetu ya Korogwe, imeingia robo fainali ya kombe. Jumamosi ya wiki ijayo inacheza na timu kubwa ya Dar, na mechi imepelekwa Tanga kwa sababu uwanja wa Korogwe hauna majukwaa ya kutosha. Tiketi zote ni za mtandaoni.

“Narudia!” ilisema spika. “Mtandao hautambui mtu asiye mwanachama! Anayetaka kwenda aje kwangu aandikwe, apewe kadi ya tawi. Vinginevyo mtaisikiliza redioni!”

Mwaija alinyoosha mgongo, akaisikiliza ile sauti mpaka ikapotelea upande wa Kwedizinga. Hakuwa shabiki wa Mkonge Stars, wala wa hao wa Dar. Lakini mechi ile alikuwa amekwisha kuapa kwamba ataiona kwa macho yake, kwa sababu redio ilikuwa imetaja waamuzi, na mwamuzi wa kati alikuwa mwanamke, Joyceline Matayo.

Sisi wa Kwamsisi tunamwita Refa Mwaija. Alianza zamani, siku ambayo mwamuzi wa mechi ya vijiji hakutokea na mwalimu wa michezo akamtupia kipenga yeye, aliyekuwa amekuja kucheza netiboli. Alichezesha dakika tisini akiwa na sketi, hakuogopa mtu. Baadaye akaenda Korogwe kwenye kozi ya wiki mbili, akarudi na cheti na kitabu cha sheria kumi na saba. Kitabu hicho alikisoma mpaka kurasa zikaanza kukatika pembe. Tangu hapo amechezesha kila mahali ambapo mpira unachezwa huku kwetu, kwenye viwanja vya mchanga, vya nyasi na vya mashina ya mihindi.

Mwaka jana alichezesha fainali ya mashindano ya vijiji pale Kwedizinga. Dakika ya themanini na nane beki wa timu ya Semboja aliudaka mpira kwa mkono ndani ya boksi, na Mwaija akaonyesha penalti. Semboja, aliyekuwa mlezi wa timu hiyo, aliingia uwanjani na viatu vyake vya sherehe, akamsogelea mpaka pua zikakaribia kugusana.

“Fainali haichezeshwi na mwanamke,” alimwambia mbele ya watu wote.

“Toka nje ya uwanja, Mzee Semboja. Ukikaa hapa naivunja mechi, na kombe linakwenda kwa wenzenu.”

Alitoka. Penalti ikapigwa, ikaingia. Tangu siku hiyo kamati ya mashindano haijampa Mwaija mechi hata moja. Hakuna aliyemwandikia barua, hakuna aliyemwambia amekosa nini. Ratiba zinatoka, jina lake halimo. Yeye kila alfajiri huzunguka uwanja wa shule mara kumi, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, kanga kaifunga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi. Ukimuuliza anakimbia ya nini, hujibu kwamba refa aliyenenepa haoni mpira.

Kesho yake alikwenda dukani kwa Semboja, ambako huuza mbegu na dawa za kunyunyizia mazao. Wanaume wanne walikuwa wamekaa barazani.

“Karibu, Refa,” alisema Semboja. “Umekuja kuandikwa?”

“Nimekuja kuuliza. Hilo ulilotangaza jana, kwamba asiye mwanachama hauziwi tiketi, limeandikwa wapi?”

Semboja aliwatazama wale wanaume, akatabasamu. “Mambo ya mtandao hayo. Chukua kadi, mama, mambo yaishe. Tutakusamehe hata ile penalti.”

“Penalti ile ilikuwa halali. Haihitaji msamaha.”

“Basi kadi je? Kadi inakuuma nini?”

“Refa hana timu,” alisema Mwaija. “Siku nikiivaa kadi yako, kila filimbi niliyowahi kupuliza watu wataanza kuijadili upya. Nionyeshe palipoandikwa.”

“Palipoandikwa ni mimi,” alijibu Semboja, na wanaume wakacheka.

Mwaija hakucheka wala hakukasirika pale. Alikasirika njiani. Alifika nyumbani akapika ugali mgumu hata mumewe, Awadhi, akauacha mwiko ukisimama wenyewe katikati ya sufuria na kuutazama.

Awadhi alikuwa mwanachama. Kadi yake ya Mkonge Stars aliihifadhi ndani ya msahafu, mahali ambapo hakuna mtoto angethubutu kuichezea. Ni mtu mpole, mkulima wa mahindi na mihogo, na mpira ndio starehe yake pekee.

“Kadi yangu inaruhusu tiketi mbili,” alisema baada ya kula. “Moja yangu, moja ya mgeni wangu. Twende wote, basi la tawi litatuchukua hapa hapa.”

“Mgeni wako?”

“Ndivyo wanavyoandika.”

“Baba Yusra, wewe nenda na basi, mimi sikukatazi. Lakini nikikaa jukwaa lenu na jezi zenu, Semboja atasema amenileta yeye. Na yule dada akipuliza filimbi dhidi yenu, mtataka nipige kelele pamoja nanyi.”

Awadhi alifikiri kidogo. “Na kama kweli mtandao hautambui?”

“Basi mtandao wenyewe uniambie, asiniambie Semboja.”

Alhamisi alipanda bodaboda mpaka barabara kuu, akapata basi linalopita Segera, na saa tatu asubuhi alikuwa Korogwe, Manundu, kwenye stesheneri ya Grasiana. Grasiana ni Msambaa wa Bumbuli. Walikutana kwenye ile kozi ya uamuzi, na kwa miaka mingi alikuwa mshika kibendera wa Mwaija, mpaka goti lilipokataa. Sasa anachapa barua za watu, anatoa nakala na kupiga picha za pasipoti. Juu ya mashine ya kutolea nakala bado ametundika kibendera chake cha njano.

“Kwamsisi kuna mtandao wa kusema haloo tu,” alisema Mwaija. “Nataka kompyuta yako na macho yako.”

“Macho yangu nilishayastaafisha,” alijibu Grasiana, lakini tayari alikuwa anamvutia kiti.

Walifungua ukurasa wa Mkonge Stars. Juu palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani: Ingia kwa namba ya uanachama. Grasiana alishusha ukurasa, akashusha tena, na chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu ambayo Mwaija aliyasoma huku amekaribisha uso kwenye kioo, paliandikwa kwamba wanachama wananunua Jumatatu hadi Jumatano, na tiketi zinazobaki zinafunguliwa kwa watu wote Alhamisi saa nne asubuhi.

“Watu wote,” alisoma Mwaija kwa sauti. “Soma tena, Grasi, nisije nikawa nimeongeza.”

“Hujaongeza. Watu wote.”

Mwaija alipiga picha maandishi yale kwa simu yake. Kisha wakakaa kusubiri, na ilipofika saa nne ukurasa ukawaambia wako kwenye foleni, mbele yao wapo watu elfu mbili na ushee. Grasiana akaendelea kuhudumia wateja wake huku akichungulia. Karibu saa tano foleni ikaisha, fomu ikafunguka. Jina. Namba ya simu. Namba ya kitambulisho cha taifa. Mwaija alizijaza kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akakataa kusaidiwa. Kisha fomu ikauliza: Timu unayoshabikia. Majibu yalikuwa mawili, na alama nyekundu ilisema lazima ujaze.

“Weka Mkonge Stars twende zetu,” alisema Grasiana. “Fomu inatupa dakika kumi tu, na zinahesabika.”

“Sishabikii Mkonge Stars.”

“Weka ya Dar.”

“Hiyo ndiyo siishabikii kabisa.”

“Mwaija! Hiyo ni kompyuta, siyo msahafu. Haikuapishi.”

“Nimekosa mechi mwaka mzima kwa sababu sikukubali kuwa na timu. Leo nije nikubali kwa kompyuta?”

Grasiana alitupa mikono juu. Dakika kumi zikaisha, ukurasa ukajifunga, wakarudishwa mkiani mwa foleni. Mwaija hakusema pole. Chini ya ukurasa palikuwa na namba ya simu ya wateja, naye akaipiga, akasikiliza muziki kwa muda mrefu, mpaka sauti ya msichana ikasema, “Huduma kwa wateja, unaongea na Loveness, nikusaidie nini?”

“Mwanangu, mimi naitwa Mwaija Sadala, natokea Kwamsisi, Handeni. Fomu yenu inanilazimisha kuchagua timu.”

“Ndiyo mama, chagua tu unayoipenda.”

“Sina ninayoipenda. Mimi ni refa.”

Loveness aliuliza, “Refa wa ile mechi?”

“Refa wa vijijini. Nakuja kumtazama mwamuzi.”

“Unakuja kumtazama… mwamuzi?” Loveness alicheka, kicheko cha mshangao kisichokuwa na dharau. “Mama, miaka mitatu napokea simu hizi, hilo sijawahi kulisikia. Chagua yoyote tu, uwanjani hakuna atakayekuuliza.”

“Nitajiuliza mwenyewe.”

Walimsikia Loveness akibonyeza vitu. “Subiri. Umeingilia ukurasa wa klabu, ndiyo maana. Rudi nje kabisa, ingia ukurasa wa mashindano. Tafuta Jukwaa la Mashariki, ni la mchanganyiko, kule fomu haiulizi timu. Lakini fanya haraka, mama, viti vilivyobaki ni vichache.”

Walirudi nje kabisa. Wakaingia walikoelekezwa. Viti vilionekana kama mahindi kwenye gunzi, karibu vyote vya kijivu, vya kijani vilikuwa tisa. Mwaija alichagua kimoja cha safu ya pili, usawa wa katikati ya uwanja. Ujumbe wa malipo uliposhindwa kuingia kwenye simu, kiti kikawa cha kijivu mbele ya macho yao. Akachagua kingine. Safari hii ujumbe ukaingia, akaweka namba ya siri, wakasubiri, hata mteja aliyekuja kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa akawa amesimama nao, hajui anasubiri nini.

Kwenye kioo kikatokea kimraba chenye madoadoa meusi, na chini yake maandishi: MWAIJA SADALA. Jukwaa la Mashariki, safu ya tano, kiti namba kumi na nane. Mwanachama: Hapana.

“Niichapie,” alisema Mwaija. “Na hiyo hapana isikatike.”

Jumamosi basi la tawi liliondoka Kwamsisi asubuhi likiwa na bendera dirishani. Awadhi alikuwa ndani na jezi yake, anamtazama mkewe kwa huruma. Mwaija alikuwa amevaa suruali nyeusi na fulana nyeusi yenye kola nyeupe, mavazi yake ya kazi, na mtandio mweusi kaubana vizuri. Alisubiri usafiri wake mwenyewe, akafika Tanga saa nane mchana jua likiwaka.

Kwenye mageti palikuwa na msongamano. Kijana wa ulinzi alimtazama, akamwelekeza kwenye mstari wa wanachama. Mwaija akamwonyesha karatasi. Akaelekezwa geti la nne. Alipokuwa anavuka kwenda huko ndipo alipokutana uso kwa uso na Semboja, amebeba fungu la bendera.

“Refa! Umefikaje hapa?”

“Kwa barabara.”

“Na utaingiaje?”

“Kwa mlango,” alisema Mwaija, akapita.

Kimashine kilisoma ile karatasi, kikatoa mlio mfupi, chuma kikazunguka. Ndani, alisimama kidogo kabla ya kupanda ngazi. Hajawahi kuona nyasi za kijani namna ile zikiwa zimechorwa mistari iliyonyooka. Alitazama mistari kwanza, kabla ya wachezaji, kabla ya watu.

Joyceline Matayo alitoka akiwa mbele ya timu zote mbili, mpira mkononi. Hakuwa mrefu. Mwaija, kiti namba kumi na nane, alitazama miguu yake. Alitazama anavyokaa pembeni ya mchezo bila kuukanyaga, anavyokimbia kimshazari, anavyotazama pale mpira unapokwenda kuangukia wakati uwanja mzima unautazama ukiwa juu. Timu ya Dar ilifunga kipindi cha kwanza, Mkonge Stars wakarudisha mara baada ya mapumziko, na Mwaija magoli yote mawili aliyaona kwa pembeni tu.

Dakika ya sabini na tisa mshambuliaji wa Mkonge Stars aliingia na mpira ndani ya boksi, akapita karibu na beki, akaanguka. Nusu ya uwanja ilipaa. Penalti! Joyceline alifika mbio, akapuliza, akatoa kadi ya njano. Akampa yule aliyeanguka, kwa kujiangusha.

Kelele zilizofuata zilikuwa za kutisha. Chupa za maji zilirushwa kutoka jukwaa la wanachama. Na hata huku Mashariki, mwanaume aliyekaa nyuma ya Mwaija alipaza sauti, “Ndiyo matatizo ya kuwapa wanawake filimbi!”

Mwaija alisimama. Alianza kupiga makofi, polepole kwanza, kisha kwa nguvu, mikono juu ya kichwa. Kwenye jukwaa zima alikuwa peke yake.

“Kaa chini, mama!” walimpigia kelele.

“Hakuguswa!” alijibu, amegeuka nyuma. “Mguu wa kushoto aliuburuza mwenyewe. Beki alikuwa ameshauondoa wake. Wewe ulikuwa unatazama nini?”

“Wewe ni wa timu gani?” aliuliza yule mwanaume.

“Sina timu.”

“Basi umekuja kufanya nini hapa?”

“Nimelipa nione,” alisema Mwaija, “na nimeona. Wewe umelipa ukapiga kelele.”

Watu wa karibu walicheka, si wote kwa ubaya. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, safu ya chini, aligeuka akamtazama, akaanza naye kupiga makofi. Zaidi ya hao wawili hakuna aliyejiunga. Joyceline hakuwaona, alikuwa anapanga mpira wa adhabu, uso wake umetulia kama maji ya mtungini. Lakini Mwaija alisema baadaye kwamba hakusimama ili aonwe. Alisimama kwa sababu mwaka jana, pale Kwedizinga, yeye alisimama katikati ya uwanja na hakuna aliyesimama pembeni.

Mechi iliisha kwa sare ya bao moja kwa moja. Kwenye mikwaju ya penalti Mkonge Stars wakashinda, watu wakakumbatiana na kuimba, na ile kadi ya njano ikasahaulika kana kwamba haikuwahi kutolewa. Awadhi alimkuta mkewe nje ya geti la nne.

“Nilikuona,” alisema. “Kutoka kule ng'ambo. Mtu mmoja wa nguo nyeusi kasimama.”

“Na wewe ulikuwa unapiga kelele?”

“Nilipiga,” alikiri Awadhi. “Kisha nikakuona, nikaacha.”

Walirudi pamoja kwa basi la kawaida.

Mambo hayakuishia hapo. Ile picha ya maandishi madogo, Mwaija aliionyesha kwa kila aliyeuliza, na waliouliza walikuwa wengi: waendesha bodaboda, walimu, wanawake wa kikundi cha ufuta, hata wazee wawili wa Mazingara waliokuja kwa baiskeli. Aliwaelekeza ukurasa gani, siku gani, jukwaa gani. Nusu fainali ilipotangazwa, watu kumi na wanne walikuwa wameandikisha namba zao za simu kwenye ukurasa wa tiketi bila kupita dukani kwa Semboja. Semboja akapeleka malalamiko ofisi ya kijiji, kwamba Mwaija anavunja tawi na anachochea watu.

Mtendaji wa kijiji, Bwana Rehani, aliwaita Jumanne. Ofisi ilijaa, wengine wakasikilizia dirishani.

“Mzee Semboja anasema unawakataza watu kujiunga na tawi,” alisema mtendaji.

“Shikamoo, Mheshimiwa,” alianza Mwaija, kwa kuwa adabu ni adabu. “Sijamkataza mtu. Mume wangu mwenyewe ni mwanachama, amekaa pale. Anayetaka kadi achukue, ni haki yake. Mimi nimewaonyesha watu kwamba bila kadi pia mlango upo. Kama nimedanganya, Mzee Semboja aseme wapi.”

“Unavunja umoja!” alisema Semboja. “Tawi lisipokuwa na nguvu, timu itakuwa na nguvu gani? Huyu ana chuki na mimi tangu ile fainali.”

“Ile fainali niliimaliza palepale kwa filimbi,” alisema Mwaija. “Aliyeendelea nayo ni nani? Nani ambaye kwa mwaka mzima hajapewa mechi? Nilinyamaza. Lakini ulipopita na spika ukawaambia watu mlango umefungwa, na wewe unajua uko wazi, hapo ulikuwa unacheza rafu, mzee. Na mimi rafu siwezi kuiona nikanyamaza.”

Mtendaji alimuuliza Semboja kama kuna kanuni yoyote, ya tawi, ya klabu au ya serikali, inayomkataza mtu kununua tiketi yake mwenyewe. Semboja alizungumza kwa muda mrefu kuhusu historia ya tawi. Mtendaji akarudia swali. Semboja akasema hapana, haipo.

Hapo ndipo Awadhi, ambaye katika maisha yake hajawahi kusema neno kwenye mkutano, aliposimama.

“Mimi bado ni mwanachama,” alisema, “na nitabaki kuwa mwanachama. Ila tiketi ya nusu fainali nimeshajinunulia mwenyewe.” Akakaa haraka, kana kwamba kiti kitaondolewa.

Bwana Rehani alifunga faili. Alisema ofisi haina shauri la kusikiliza, na Semboja akitaka kutangaza tena kwa spika, atangaze na siku ya wasio wanachama.

Semboja bado ni mwenyekiti, na bado hamwamkii Mwaija barabarani. Mwaija humsalimia kila wanapokutana, kwa sauti kubwa, mpaka aitikie. Kamati ya mashindano bado haijampa mechi. Mwezi uliopita alikwenda mwenyewe kwenye kikao chao huko Handeni mjini, bila kuitwa, akaweka mezani cheti chake na barua aliyoichapa kwa Grasiana, akiuliza kwa maandishi kosa lake ni sheria ya ngapi kati ya zile kumi na saba. Katibu alimwambia aiache, watamjibu.

“Nitasubiri hapa hapa,” alisema Mwaija, akavuta kiti.